Aliruka, Si Iliruka

Kwa niaba ya Serikali ya Mapinduzi, Tume ya Kudumu ya Kusikia inawatangazia wakaaji wote wa Uvira, kuanzia bandarini Kalundu mpaka Kavimvira, kwamba kile kilichopita juu ya mapaa yao usiku wa kuamkia Jumatano kilikuwa na manyoya.

Hilo ndilo tangazo la kwanza la Tume, na nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi Modeste, Katibu. Lilibandikwa kwenye mlango wa biro, yaani ofisi yetu, kwenye mlango wa kanisa na kwenye ukuta wa soko la Mulongwe. Watu walilisoma wakacheka. Nilichukia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimelifanyia kazi saa tatu nzima bila kutia kitu tumboni, na hakuna aliyesifu hata nukta zake.

Mwaka ulikuwa wa sitini na nne. Uhuru ulikuwa na miaka minne na mapinduzi yalikuwa na miezi mitatu. Mji ulikuwa mikononi mwa wananchi, yaani mikononi mwa Mheshimiwa Komisé Libérat, kamishna wetu, ambaye kabla ya mapinduzi alikuwa akipima mizigo bandarini, na baada ya mapinduzi alitupima sisi sote.

Sasa nieleze usiku wenyewe. Mwezi ulikuwa mpevu. Mtu asiye wa huku hataona umuhimu wa jambo hilo, lakini mwezi ukijaa ndagala, dagaa wa ziwa letu, hawafuati taa, na wavuvi hulala nyumbani. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa kitandani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema baadaye kwamba alikuwa mbali ziwani. Ikatoka mbugani Ruzizi, upande wa kiwanja cha zamani cha Wabelgiji, sauti ya mashini mbili zinazokohoa. Zikakohoa, zikapata pumzi, zikanguruma, zikaja chini chini juu ya Kavimvira na juu ya Mulongwe mpaka sufuria zikacheza, kisha zikaishilia ziwani. Hakuna taa iliyoonekana. Na katikati ya ngurumo ile kulisikika kitu kingine ambacho Tume haikukitaja katika tangazo lake, nacho ni ng'ombe wakilia huko juu.

Asubuhi Komisé aliniita. Macho yake yalikuwa mekundu, na buti zake zilijaa samadi mpaka kwenye kamba. Nilielewa mara moja kwamba alikuwa amekesha akishughulikia kilimo, nikamhurumia.

Aliniambia kwamba jambo la usiku lilikuwa siri ya kijeshi. Siri hiyo, alisema, ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata Makao Makuu hawakuwa wameambiwa. Tatizo lilikuwa kwamba sokoni kila mdomo ulikuwa ukisema ndeke, ndivyo wanavyoiita ndege huku kwetu, na kwa hiyo alitaka neno hilo lipigwe marufuku kabla ya saa sita mchana.

Nikamshauri asifanye hivyo. Tukilifuta neno, nilimwambia, tutawaitaje shomoro na korongo? Mapinduzi hayana ugomvi na shomoro. Ndipo nilipomwonyesha kitu nilichofundishwa na mapadri kwa fimbo nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ndege mwenye manyoya ni kiumbe, na kiumbe hupewa a: ndege aliruka. Ndege ya chuma ni kitu, na kitu hupewa i: ndege iliruka. Serikali haina haja ya kuwanyang'anya wananchi neno zima. Inatosha kuwanyang'anya herufi.

Komisé akaniagizia chai ya maziwa. Siku hizo nyumbani kwake maziwa yalikuwa hayapungui.

Kabla ya jua kuwa kali, Tume ilikuwa imezaliwa, Komisé akiwa Mwenyekiti na mimi Katibu. Wajumbe wengine tuliacha nafasi zao wazi. Amri ilikuwa na vifungu vinne. Kila mkaaji atafika mbele ya Tume na kutamka sawasawa alichosikia. Akitamka sawasawa atapewa Cheti cha Usikivu chenye muhuri na sahihi ya Komisé. Kifungu cha tatu, ambacho nilikionea fahari kuliko vyote, kilisema kwamba yeyote, awe nani, atakayetamka i mara tatu mbele ya Tume atapelekwa Kambi ya Sarufi, Luberizi, kwa lori la Jumamosi. Yale maneno mawili, awe nani, niliyaongeza kwa ajili ya mdundo tu. Kifungu cha nne kilisema kwamba mfungwa hawezi kuwa shahidi.

Kuhusu Kambi ya Sarufi nisifiche kitu. Ilikuwa shamba la mpunga lenye ua wa miti. Masomo yalikuwa ya kubeba masanduku ya risasi na kuyapeleka mbele, kule zinakotumika. Mpaka wakati ule hakuna mwanafunzi aliyekuwa amehitimu, wala aliyerudi kutusalimia.

Cheti namba moja nilijipatia mwenyewe. Nilisimama mbele ya meza yangu, nikatamka, nikakaa, nikapiga muhuri.

Wa kwanza katika foleni alikuwa Émérance, muuza ndagala wa Mulongwe, mwanamke anayejulikana kwa kutompunguzia mtu bei hata awe padri. Aliweka beseni lake juu ya faili zangu. Nikamuuliza alisikia nini.

"Ndeke," akasema. "Iko inapita."

Nikamweleza kwa upole kwamba alichosikia kilikuwa kiumbe, chenye mdomo na manyoya, ajaribu tena. Akajaribu tena, na tena ikawa iko. Hapo Tume ilikwama, na ni lazima nikiri kwamba kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetunga sheria kwa Kiswahili cha mapadri, katika mji ambao watu wake wana iko kwa kila kitu chini ya jua. Kwa iko yao, hata mpelelezi aliyesomea Ulaya asingejua kama mtu anasema habari za shomoro au za bombadia.

"Hapana iko," nilimwambia. "Sema yuko. Sema aliruka."

"Minye nasemaka iko," akasema Émérance. "Muntu iko, samaki iko, Mungu iko. Mungu hayanikasirikia bado. Weye unakasirika juu ya nini?"

Nilimsomea kifungu cha tatu. Akafikiri kidogo, akaangalia dirishani lilipokuwa lori, akasema, "Ndege aliruka. Alikuwa na manyoya," kwa matamshi safi kuliko ya padri mwenyewe. Nilimpa cheti. Akaniuliza kama ndege mkubwa namna ile hutaga mayai wapi, nikamwambia hilo halimo katika mamlaka ya Tume.

Tangu hapo kazi ikaenda vizuri. Wanawake walikuwa wakifundishana huku wakianika ndagala. Wavuvi walikuwa wakikumbushana wakishona nyavu. Ukipita Mulongwe ungesikia aliruka, aliruka, nyumba hadi nyumba, na wazee waliokuwa na meno machache walisaidiwa na wajukuu. Nilijisikia kama mtu aliyeleta maji ya bomba.

Kisha, Jumatano hiyohiyo alasiri, akaingia Ndagijimana.

Alikuwa mfugaji wa milimani, kutoka kule juu kwenye baridi. Alivua kofia, akaiacha fimbo yake nje ya mlango bila kuambiwa, akasalimia Tume kwa urefu, yaani alinisalimia mimi, kwa maana Mwenyekiti alikuwa amelala. Akaeleza kwamba Jumapili, wao wakiwa kanisani, askari wa Komisé walifika zizini wakachukua ng'ombe wanane wa kijiji kwa ajili ya maziwa ya majeruhi wa vita. Mmoja wao alikuwa Bihogo wake. Hakukataa. Majeruhi ni watu, alisema. Lakini Bihogo hakamuliki mpaka aimbiwe wimbo wake, na askari wale hawakuuliza. Kwa hiyo yeye na mke wake, Nyirakamana, walishuka kwa mguu nyuma ya ng'ombe ili wamfundishe wimbo huo mtu atakayemkamua. Jumanne walilala Kavimvira kwa shemasi wao.

"Usiku nilisikia ndeke," akasema Ndagijimana. "Iliruka. Bihogo ilikuwa ndani."

Nilimuuliza atajuaje ng'ombe mmoja kati ya wanane, usiku, angani, katikati ya mashini mbili.

"Bwana Katibu," akasema, "mutoto yako akilia kati ya batoto ba bantu, unaulizaka ni ya nani?"

Nilimweleza kuhusu a na i. Alisikiliza vizuri sana, kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza mahubiri. Nikamwomba atamke. Akasema iliruka. Nikamsomea kifungu cha tatu polepole, nikamwomba atamke tena.

"Nikisema aliruka," akasema, "ni kusema ilikuwa ndeke ya manyoya. Ndeke ya manyoya haibebi ng'ombe. Basi Bihogo haikwenda. Kama haikwenda, muniambie iko wapi, niende kuiimbia. Lakini minye nilisikia. Iliruka."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Kwa bahati mbaya Mwenyekiti alikuwa ameamka. Aliposikia neno ng'ombe aliruka kutoka kitini kwa wepesi kuliko ndege yeyote, akaamuru mtu yule atiwe kasho, yaani mahabusu, mpaka lori la Jumamosi, na asiruhusiwe kuzungumza sarufi na wafungwa wengine.

Niliandika hukumu. Mwandiko wangu siku ile haukuwa mzuri.

Alhamisi na Ijumaa Nyirakamana alikuja biro asubuhi na jioni. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimpelekea mumewe chakula, kisha akaja kukaa kwenye benchi mbele ya meza yangu akanitazama nikigonga muhuri. Ijumaa jioni foleni ilipoisha, akaniuliza usiku wa Jumanne nilikuwa nimelala wapi. Nikamwambia nyumbani kwangu, Mulongwe.

"Na masikio yako ilikuwa imelala wapi?"

Nilifungua mtoto wa meza nikamwonyesha Cheti cha Usikivu namba moja. Alikisoma chote, kwa kuwa alijua kusoma, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Muhuri iko ya muzuri," akasema.

Niliona haya. Nasema wazi niliona haya, kwa sababu ng'ombe wale walipita juu ya paa langu, na mmoja alilia mara mbili, sauti nene kisha sauti nyembamba, na mimi nilikaa kitandani nikifikiria kama kulia kwa ng'ombe angani ni kielezi au ni kijalizo. Nilimwambia mama yule kwamba hati iliyokwisha kupigwa muhuri haifutiki. Akasema alijua, alikuwa anataka kusikia tu nikilisema.

Jumamosi asubuhi lori lilikuwa uani, mashini inawaka, na nafasi moja nyuma ilikuwa imeandaliwa. Foleni ya vyeti ilizunguka biro mara mbili. Ndipo gari la Makao Makuu likaingia, akashuka Kanali Étienne, mtu mfupi mwenye mkono mmoja katika bandeji. Hakuna aliyemtarajia. Komisé alitoka mbio akiwa bado na povu la sabuni kidevuni.

Kanali hakutaka chai. Alisema kule mbele ana majeruhi mia na ishirini wanaokunywa maji ya sombe, majani ya mihogo, tangu Jumapili, na ana barua ya Komisé inayosema kwamba ng'ombe wanane wa maziwa wamekwisha kupatikana. Amekuja kuwachukua. Wako wapi?

Mimi nimefanya kazi maofisini tangu enzi za Wabelgiji, na sijawahi kuona kidevu kikitoka jasho chini ya sabuni. Komisé alisema kwamba ng'ombe walikwisha kuondoka. Kwa chombo gani? Kwa ndege. Ndege gani? Ya jeshi, Kanali, ya siri, usiku wa Jumanne, tulidhani imetumwa na ninyi.

"Sisi hatuna ndeke," akasema Kanali. "Tungekuwa nayo, ningekuja na barabara ya Sange na matope yote haya? Nani aliisikia?"

"Mji mzima," akasema Komisé, akaonyesha foleni kwa mkono wote.

Kanali akanitazama. Mimi ni Katibu, na Katibu akiulizwa huleta faili. Nilileta vyeti vyote, elfu moja mia moja arobaini na sita, vimefungwa kwa kamba kwa mpangilio wa mitaa. Kanali alisoma cha kwanza, akasoma cha kumi, akasoma cha mwisho. Vyote vilisema ndege aliruka, alikuwa na manyoya, na chini ya kila kimoja ilikuwapo sahihi ya Komisé.

"Ndege huyu wa manyoya," akauliza Kanali taratibu, "alibeba ng'ombe wanane?"

"Iliruka, Kanali," akasema Komisé. "Hayo ni mambo ya sarufi tu. Ilikuwa ya chuma."

Niliweka alama moja kwenye karatasi. Ni mazoea ya kazi.

Kanali alimwita aliye mbele ya foleni. Kwa bahati alikuwa Émérance, ambaye alikuwa amekuja kumchukulia mama mkwe wake cheti. Akamuuliza alisikia nini Jumanne. Émérance alishusha beseni, akanyoosha kitambaa chake, akamtazama Komisé usoni.

"Ndege aliruka, Kanali," akasema. "Alikuwa na manyoya."

Nyuma yake foleni yote, wavuvi, mafundi, wazee na wajukuu wao, ikasema maneno yaleyale kwa pamoja, bila iko hata moja. Ni aibu kusema, lakini moyo wangu ulijaa. Hakuna shule ya mapadri iliyowahi kupata matokeo kama yale.

"Wanadanganya," akasema Komisé, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Niliwalazimisha mimi. Iliruka, wote waliisikia."

Niliweka alama ya pili.

Ndipo akakumbuka. Akageuka akanishika shati. Yule mtu wa milimani, alisema, yule aliyekataa, huyo ndiye shahidi wangu, mleteni. Nilimkumbusha kifungu cha nne, kwamba mfungwa hawezi kuwa shahidi. Akanyakua karatasi mezani, akaandika yeye mwenyewe kwamba Ndagijimana ni mtu huru tangu dakika ile na kwamba hana kosa lolote wala hatakuwa nalo, akatia sahihi, akapiga muhuri mara mbili, wa pili ukapinduka kichwa chini.

Ndagijimana akaletwa akiwa na majani ya sakafu ya kasho kwenye nywele. Nilimkabidhi karatasi yake ya uhuru. Alimpa mke wake aisome. Nyirakamana aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia kifuani, akamwambia mumewe neno moja kwa lugha yao ambalo sikulielewa, lakini nililiona likimwingia.

"Mwambie Kanali," akasema Komisé. "Mwambie ulichosikia. Sema kama ulivyosema Jumatano."

Mimi nilimwogopea mtu yule. Nilijua hajui kusema uongo, na nilijua pia kwamba ukweli wake, siku ile, ulikuwa ni wa kumwokoa Komisé peke yake.

"Kanali," akasema Ndagijimana, "Jumatano minye nilikuwa mujinga. Serikali ilinifundisha. Ndege aliruka. Alikuwa na manyoya."

"Na ng'ombe yako?" akauliza Kanali.

"Ndeke ya manyoya haibebi ng'ombe. Basi ng'ombe yangu haikuruka. Komisé ndiye aliichukua. Muulize iko wapi."

Kanali akamgeukia Komisé, na Uvira yote ikamgeukia Komisé.

"Iliruka," akasema Komisé Libérat, na sasa alikuwa analia kweli. "Naapa kwa mama yangu, iliruka, nilikuwapo, niliwasukuma mimi mwenyewe matakoni wakiingia."

Nikaweka alama ya tatu. Kisha nikainuka, nikafunga kifungo cha juu cha shati, nikamsomea Kanali kifungu cha tatu, na nilipofika kwenye awe nani nilisoma polepole ili mdundo usikike. Kanali aliuliza kama amri ile ni halali. Nilimwonyesha sahihi. Aliuliza lori linaondoka saa ngapi. Nilimwambia lilikuwa linamsubiri mwanafunzi mmoja tu.

Ng'ombe wa chai wa Komisé, aliyekuwa nyuma ya nyumba yake, Kanali alimchukua kwa ajili ya majeruhi. Nilidhani angempa Ndagijimana kama fidia, lakini Kanali naye ni serikali.

Wakati askari wanampandisha Komisé, Ndagijimana alirudi kuchukua fimbo yake mlangoni. Tulibaki sisi wawili na Nyirakamana. Ndagijimana aliniuliza kwa sauti ya chini kama mimi, usiku ule, nilisikia.

"Iliruka," nilimwambia.

"Na Bihogo?"

"Alilia mara mbili. Sauti nene, kisha nyembamba."

Alitikisa kichwa, akavaa kofia. Akasema hiyo nyembamba ndiyo hutangulia wimbo, kwamba Bihogo alikuwa akiuomba. Kisha wakashika njia ya mlimani, mke mbele, karatasi kifuani, na hawakugeuka nyuma.

Lori nalo likaondoka upande wa Luberizi. Komisé alisimama nyuma, ameshika vyuma, akipaza sauti kwa kila aliyemwona kando ya barabara kwamba iliruka, jamani, iliruka. Dereva alinisimulia baadaye jinsi safari ilivyokuwa. Pale Kavimvira wanawake waliokuwa wakifua waliinua vichwa, na pale Sange soko zima lilisimama, wauza mchele na wauza mihogo, na kote alikopita watu walimjibu kwa adabu, wakimsahihisha:

"Aliruka, Mheshimiwa. Aliruka."